Dumu la molasi la lita 20 lenye koki: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na miezi kadhaa

Niseme mapema kabisa, na molasi yenyewe, ule urojo mzito wa miwa unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa, sina ugomvi. Ni nzuri, nyeusi tii, ile ya mchemsho wa mwisho kabisa yenye uchungu kwa mbali, na ukionja unajua hii haijachanganywa na kitu. Ugomvi wangu ni na dumu lililokuja nayo, na kidogo na mimi mwenyewe, mtaona huko mbele.

Nilikuwa nanunua vile vichupa vidogo. Sasa mimi naoka mkate kila wiki, watoto wakiwa nyumbani biskuti haziishi, halafu nachota kidogo nakoroga kwenye maji ya kumwagia mboji, kwahiyo kichupa kilikuwa kinaisha kabla sijakumbuka nilikinunua lini. Nikasema huu ujinga basi, ngoja niagize la jumla. Nikaagiza dumu moja la lita 20, plastiki nyeupe, koki chini, mfuniko mdogo wa kuzungusha juu. Lebo imeandikwa miezi 24 kama halijafunguliwa, "hifadhi sehemu kavu na yenye ubaridi". Hayo maneno ya mwisho niliyasoma kama mtu anavyosoma masharti ya kusajili laini ya simu.

Kilichonishtua kwanza ni uzito. Mi kichwani nilikuwa na lita 20 kama za maji, kilo 20, nabeba mwenyewe. Wapi! Molasi lita moja inakaribia kilo 1.4, piga hesabu hapo, ni kilo 28 hivi, na ndani inajivuta taratibu ukiinamisha, inakupeleka upande wake. Nikalibeba mpaka pale pembeni ya jiko nikalitua juu ya kigoda ili koki iwe juu ya bakuli, nikaona mambo si ndio haya.

Miezi miwili ya kwanza, safi. Koki inatoa polepole lakini inatoa. Asubuhi yenye baridi inagoma kabisa, unafungua unasimama unaangalia kauzi kembamba kanashuka kama hakana haraka na dunia. Nikachoka. Nikaanza kufungua mfuniko wa juu na kuchota na kijiko kirefu, na hapa ndipo nilipoharibu, maana kijiko mara nimetoka kukiosha sasa hivi, mara nimekitoa kwenye unga wenye maziwa, natumbukiza tu. Mbona asali watu wanachota hivyohivyo miaka na haifanyi kitu?

Kumbe asali na molasi si ndugu wa karibu kama nilivyodhani. Asali nzuri maji hayazidi asilimia 20, molasi inacheza kwenye 20 mpaka 25 hivi. Kinachozilinda zote mbili ni kwamba sukari imeyakamata maji yote, mdudu akiingia anakosa cha kunywa. Ila kuna aina za hamira zinazovumilia sukari nyingi kupita kawaida, hizo zinaweza kukaa humo zimelala tu zinasubiri. Molasi ipo ukingoni, ukiongeza maji kidogo tu pale juu umeshazifungulia mlango.

Na maji mengine hata sikuyatia mimi. Siku moja nimefungua mfuniko nikaugeuza, chini yake nikakuta matone, madogo madogo, yamejipanga kama jasho puani. Mchana jiko linawaka, dumu linapata joto, mvuke unapanda, usiku baridi unagandia kwenye mfuniko unadondoka tena juu ya molasi. Kila siku hivyo. Na kadiri unavyotumia ndivyo nafasi tupu humo ndani inavyoongezeka na mvuke unapata uwanja. Ukitumbukiza kijiko unaona kabisa juu kuna kitabaka chepesi kinateleza tofauti na chini. Mi nilikiona nikadhani ni kawaida. Nikafunga.

Mwezi wa nne nasikia jikoni usiku kitu kinafanya "sss". Nikadhani gesi inavuja, moyo ukanidunda, nikazima kila kitu. Gesi ipo salama, ni dumu. Limevimba tumbo, mbavu zile za plastiki zimenyooka, na mfuniko unapumua pembeni. Badala ya kufikiri, nikauzungusha. Jamani. Povu la rangi ya kahawa lilipanda likanipitia mkononi likashuka kwenye kigoda likaenda zake chini ya friji, na harufu, nusu mkate mbichi nusu pombe. Mwenzangu akatoka chumbani akasimama mlangoni akaniuliza, "Umeanza kupika gongo lini?"

Nilisafisha mpaka saa nane usiku. Habari njema ni kwamba inatoka kwa maji ya moto tupu, haihitaji dawa yoyote. Habari mbaya ni chini ya friji. Wiki mbili nilikuwa naona msafara wa sisimizi unaingia pale na sikuwa na nguvu ya kubishana nao.

Usiku huohuo usingizi umekata nikaanza kusoma habari za molasi, nikakutana na ile ya Boston, Marekani, tarehe 15 Januari 1919, tangi la molasi lilipasuka likamwaga lita zaidi ya milioni 8 mtaani, wakafa watu 21. Kuta zake zilikuwa nyembamba kuliko mzigo uliomo. Nikaliangalia dumu langu lile na tumbo lake nikalitoa nje.

Sasa swali ambalo najua mtaniuliza, je nilitupa yote? Nilijaribu kuokoa. Nikachemsha kiasi cha kikombe kwenye sufuria, harufu ya pombe ikaondoka kweli, ila ukakasi ukabaki na juu yake ikaongezeka ladha ya kuungua, mkate niliotengeneza nayo ulikuwa kama umelowekwa kwenye siki. Halafu pembeni ya shingo ya dumu nikakuta vidoa vya ukungu, kijivujivu hivi, hapo nikakata tamaa. Yenye ukungu mi siokoi, kukwangua juu hakunisaidii kujua chini kuna nini. Ilikuwa imebaki kama lita 11. Nikawa naichanganya na maji mengi namwagia mboji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mboji ilifurahi, mi sikufurahi. Kitu ambacho msifanye ni kuimimina kwenye chupa za kioo na kufunga kabisa eti mtaitumia baadae. Ikiwa imeshaanza kuumuka haiachi kwa sababu umeihamisha, na kioo hakivimbi, kinapasuka.

Dumu la pili niliagiza kwa muuzaji yuleyule, nalo nimelimaliza bila tone kuharibika. Mambo niliyobadili si mengi. Siku lilipofika niliosha chupa za kioo za lita moja, nikazikausha kwenye oveni mpaka zikawa kavu kabisa, nikaziacha zipoe kidogo, nikagawa dumu zima siku hiyohiyo. Faneli ya mdomo mpana, ile nyembamba utazeeka. Ili ishuke vizuri nililiweka dumu kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa saa moja, vuguvugu ya kutia mkono, usiiwekee moto mkali maana molasi ikikaa kwenye joto zaidi ya digrii 40 kwa muda mrefu inaanza kubadilika yenyewe, inazidi weusi na uchungu. Nikajaza chupa mpaka karibu na mdomo, hamna nafasi ya mvuke kucheza, nikafuta shingo, nikafunga. Ikafunguliwa moja tu kwa wakati, nyingine zote kabatini gizani mbali na jiko. Hiyo iliyofunguliwa haichotwi, inamiminwa. Kijiko kimepigwa marufuku nyumba hii mpaka watoto wanajua.

Nilipofika chupa za mwisho mwisho nikakuta chini kuna chengachenga kama mchanga, nikajua basi tena, muuzaji kaniwekea mchanga, nikaandaa na maneno ya kumwambia. Nikaonja. Sukari. Ilikuwa baridi siku hizo, sukari imejitenga ikaganda punje, ukiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu nyingi inayeyuka. Kwahiyo punje si kuharibika, msije mkamwaga kitu kizima. Cha kuogopa ni povu ambalo haliishi hata ukiliacha litulie, mfuniko unaopiga kelele ukifungua, harufu ya pombe au siki, na ukungu.

Sasa alama. Molasi nampa 5 kati ya 5, muuzaji kwa kuleta haraka na kufunga vizuri 4. Dumu nalipa 2, na hiyo 2 ni kwa sababu halikupasuka usiku ule. Mfuniko wa juu ni mdogo, mkono hauingii, kwahiyo hata ukitaka kuosha ndani huwezi, unatikisa maji ya moto unaomba Mungu. Koki ndio kichekesho chenyewe: tundu dogo kama la bomba la chujio la maji ya kunywa, kwa kitu kizito namna hii, na kila ukifunga linabaki tone mdomoni, linakauka, kesho unakuta limeziba. Nimewaandikia waweke koki ya mdomo mpana au waliuze bila koki wapunguze bei. Wamejibu kwamba "maoni yako ni muhimu kwetu". La tatu nimeagiza bila koki, fundi kasema hiyo niliyonayo nimpelekee, ataifunga kwenye ndoo ya kunawia mikono.