Chuo kikuu au VETA?

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, na matokeo yake yanamruhusu kuomba chuo kikuu. Nyumbani tumeshakaa mara tatu kujadili aende huko au VETA, vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi.

Shahada nyingi ni miaka 3, uhandisi 4, udaktari 5. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unasaidia sana, lakini ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe. Anayetaka udaktari au uanasheria hana cha kulinganisha, aende. Ninachokiogopa ni shahada ya ilimradi, kozi aliyoijaza mtu kwa sababu rafiki zake wameijaza. Nimewaona wakizunguka na bahasha ya vyeti mpaka kona zake zimechakaa.

VETA ni karakana tangu wiki za mwanzo. Jirani yetu, fundi umeme, alipita huko. Hatoki bila testa mfukoni mwa shati, na simu yake huanza kuita kabla hajamaliza chai. Hata hivyo tusidanganyane: masika yakikolea, ujenzi unasimama na hela inasimama. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na bima ya afya anajilipia mwenyewe.

Mdogo wangu tangu darasa la tano anafungua redio za watu na kuzirudisha zikiimba. Mimi nasema VETA, umeme; akitaka kusoma zaidi, stashahada ipo mbele yake na hata shahada. Mama bado anataka joho. Jumapili tunakaa tena.