Laini gani ununue ukienda Ethiopia

Mkenya akishuka Addis Ababa huona bango la Safaricom akajihisi nyumbani. Asikimbilie. Laini ya Kenya ukifika nayo kule ni mgeni, na M-Pesa ya Ethiopia, iliyoanza Agosti 2023, ni akaunti nyingine kabisa, ya birr, sarafu ya Ethiopia.

1. Ethio telecom (namba za 09). Anayeingia kwa barabara kutoka Moyale kupitia Yabelo na Hawassa aanze na hii. Kampuni hii ya serikali ilikuwa peke yake sokoni hadi 2022, na minara yake imefika vijijini. Mpinzani wake, Safaricom Ethiopia, alianza kwa majaribio Dire Dawa Agosti mwaka huo, akazindua Addis Oktoba, na baadhi ya minara anayotumia amekodi kwa huyo huyo anayeshindana naye. Kazi anayoifanya ni ngumu na tunamwombea afaulu, maana ushindani unamfaa mteja. Ila pesa yako inanunua mawimbi ya leo, si ramani ya mwakani. Isitoshe, wenye maduka wengi wamezoea kulipwa kwa telebirr, pesa ya simu ya Ethio telecom.

2. Zote mbili. Hii ni ya anayekaa mwezi au zaidi: 09 ya kupiga, 07 (Safaricom Ethiopia) ya bando. Kagua simu kabla ya safari, kwani tundu la pili la simu nyingi ndilo hilo hilo la memori kadi. Ukiweka laini, picha zako zinabaki nje.

3. Safaricom Ethiopia pekee (07). Inamfaa asiyetoka mjini.

4. Laini ya Kenya. Iweke kwenye kabambe (simu ndogo ya vitufe), ipokee SMS za benki tu. Ikibaki kwenye simu kubwa, zima data ya ugenini (roaming), la sivyo salio litayeyuka.

Beba pasipoti ya kusajilia. Usiondoke kaunta kabla hujapiga simu moja na kufungua ukurasa mmoja. Nunua bando la siku kwanza (*999# Ethio telecom, *777# Safaricom), ukalijaribu chumbani unakolala, saa mbili usiku, watu wengi wakiwa mtandaoni. Ukiona herufi E juu ya skrini, umeangukia 2G: ingia mipangilio uchague 4G, uzime simu na kuiwasha. E ikirudi, sogea dirishani. Ikibaki hapo hapo, usilipie bando la mwezi.