Kofi la Batman au Spider-Man wawili: meme ipi ya kujibia kwenye gumzo?

Kofi la Batman limetoka kwenye jarida la katuni la 1965, World's Finest namba 153. Robin, msaidizi wake, anaanza kusema, Batman anamkatiza kwa kofi. Meme hii hudai uandike: funika maneno ya zamani kwa rangi ya kiputo chenyewe cha maneno, kisha weka manne au matano tu, la sivyo kwenye simu hayasomeki. Na ikihifadhiwa mara nyingi kwa JPEG, aina ya faili ya picha inayobana na kupunguza ubora, herufi ndizo huchakaa kwanza.

Spider-Man wawili wanaonyoosheana vidole, wa katuni ya televisheni ya 1967, hawahitaji neno. Kwa wanaotupiana lawama, hakuna zaidi yao. Stika ya WhatsApp ni mraba wa pikseli 512 kwa 512, ilhali picha hii ni pana. Usikate pembeni, mmoja atapotea. Acha uwazi juu na chini.