Jino la kupandikiza: taji zuri si kitu kama kiungo kinacheza

Naishi Shangani, Mtwara. Nina gego moja la kupandikiza, chini kushoto, na limeshapita kwenye viungo viwili tofauti. Cha kwanza kilinitesa. Cha pili hakijatikisika mpaka leo.

Jino hili ni vipande vitatu. Kuna kipandikizi cha titani kinachozamishwa kwenye mfupa wa taya, kuna taji linaloonekana mdomoni, na katikati yao kuna kiungo, wataalamu wanakiita abatimenti, kinachofungwa ndani ya titani kwa skrubu ndogo. Wengi tunauliza bei ya taji na rangi yake, basi. Hicho cha katikati hakiulizwi, wakati kila unapotafuna mzigo unapitia hapo.

Titani yenyewe haikunisumbua hata kidogo. Hiyo kazi ilianza zamani, Msweden Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na mfupa wangu ulishika vizuri baada ya kusubiri miezi kadhaa. Balaa lilianzia juu. Nikitafuna korosho, na huku kwetu korosho utazikwepa vipi, nasikia "tik" ndogo. Nikilisukuma taji kwa ulimi, linacheza. Kidogo tu, mtu mwingine angeniambia ni mawazo yangu. Baadaye ikaja ladha ya uvundo, maana penye mwanya bakteria wanaingia na wanakaa.

Daktari wa hapa Mtwara alipiga eksirei akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta: mstari mwembamba mweusi kati ya kiungo na titani, mahali ambapo vyuma viwili vilitakiwa kubanana. Akasema, "Mzee wangu, usitafunie upande huu. Skrubu ikikatikia ndani, kuitoa ni kazi." Alitaka kuikaza, ila bisibisi zake hazikuingia. Kila kampuni ina umbo lake la kichwa cha skrubu, na mimi sikuwa na karatasi yoyote inayosema kipandikizi changu ni cha kampuni gani. Kliniki ya Dar iliyonifungia haikunipa.

Kwa hiyo nikapanda basi kwenda Dar, safari hii kliniki nyingine. Taji la kwanza lilikuwa limegandishwa kwa saruji ya meno, ikabidi litobolewe juu ndipo skrubu ionekane. Ikatoka imechakaa pembeni. Kiungo chenyewe kilikuwa cha kampuni nyingine, cha bei nafuu, kilichotengenezwa kufanana na cha asili. Kufanana, si kuwa kilekile! Tofauti ndogo ambayo jicho halioni inatosha kumfanya skrubu abebe mzigo usio wake, na hapo atalegea tu.

Safari hii nililipia kiungo cha kampuni ileile ya kipandikizi, kile ambacho ncha yake inazama kwa ndani kama koni. Kilichonivutia ni namna kilivyofungwa. Daktari alitumia spana ndogo yenye kipimo, akakaza mpaka nyutoni sentimita 35, kiwango alichosema kimeandikwa na mtengenezaji. Halafu akaniacha nimekaa pale kama dakika kumi, akarudi akakaza tena. Nilidhani amesahau. Kumbe skrubu ikishakazwa nyuso za chuma zinajilaza kidogo na mkazo unapungua, kama nati za gurudumu jipya la gari, kwa hiyo inarudiwa. Ikafuata eksirei ya kuhakikisha kimekaa, na ule mstari mweusi haukuwepo. Taji nalo limefungwa kwa skrubu. Tundu lake limezibwa kwa utepe wa tefloni na juu yake kijazo cheupe. Likilegea, linafunguliwa bila kuvunja kitu.

Bei ni kubwa, nauli na malazi ya Dar juu yake, na hilo sitalifunika. Mtu wa Mtwara au Lindi anayefikiria jino hili aulize kabla ya kutoa hela: kiungo ni cha kampuni ya kipandikizi? Taji ni la skrubu au la saruji? Na asiondoke bila kadi yenye jina la kampuni, aina na kipenyo. Yangu nimeipiga picha, na daktari wa hapa ameiweka kwenye faili langu, safari hii akijua bisibisi ipi atafute.

Lawama iliyobaki ni moja: pweza ananasa chini ya taji upande wa ndani, na uzi wa kawaida haumtoi. Natumia kaburashi kembamba ka katikati ya meno.