Jupiter-8 au Industar-61: lenzi nafuu niliyoitafutia Zorki yangu

Kamera yangu ya filamu, Zorki-4 ya Kisovieti, aliileta baba mdogo kutoka Moscow, alikosoma miaka ya 70. Zorki kwa Kirusi ni mwenye macho makali, lakini hii ilinifikia na mtoto wa jicho: lenzi yake, Jupiter-8, imeliwa na kuvu. Naishi Tanga, na hewa ya bahari haina huruma na vioo. Ukimulika tochi kwa nyuma unaona nyuzi kama utando wa buibui, nazo zimeshakula ile rangi ya zambarau iliyopakwa juu ya kioo. Fundi alisafisha, makovu yakabaki. Kila picha ikawa kama imepigwa jikoni penye moshi.

Nikaanza kutafuta nyingine. Kamera hii inakaza lenzi kwa hesi ya M39, yaani ya upana wa milimita 39, ileile ya kamera za Leica za zamani, hivyo lenzi za kuingia ni nyingi, mfuko ndio mdogo. Canon 50mm f/1.8 niliitamani (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), bei ikanifukuza. Zikabaki za Kisovieti.

Ya kwanza kununua ilikuwa Industar-61 L/D, 55mm f/2.8, kwa dola 30. L ni ya lantani, madini yaliyochanganywa kwenye kioo chake. Ni kali kweli! Mchana, kwa f/8, unahesabu misumari kwenye mlango wa mwaloni. Shida yangu ni kwamba mimi hupiga watu barazani jioni, na f/2.8 inaingiza nusu tu ya mwanga wa f/2. Kwa filamu ya ISO 400, namba ya wepesi wake wa kushika mwanga, nilijikuta nashusha shata hadi 1/15 ya sekunde, mkono unatetemeka, picha zinacheza.

Nikarudi kwa Jupiter-8, 50mm f/2, safari hii kwa dola 65 mtandaoni. Muuzaji aliandika "safi kabisa". Vioo vilikuwa safi kweli. Lakini filamu ya kwanza iliposafishwa, niliona kwa shangazi hereni zimetoka wazi na macho yamefifia. Ya pili hivyohivyo.

Kujua kosa liko wapi, nikaifungua kamera mgongo, nikabandika karatasi ya mafuta pale filamu inapopita, shata nikaiweka B, inayobaki wazi ukiwa umebonyeza, na kuishikilia, lenzi f/2, nikaelekeza kwenye mnara wa simu wa mbali na kuchungulia kwa kioo cha kukuzia. Lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa, mnara ulikuwa uji. Ukakaa sawa nilipoirudisha karibu na alama ya mita 20. Maana yake kuna mtu aliwahi kuifungua, akairudisha bila shimu, kile kipete chembamba kinachoweka vioo mahali pake. Muuzaji nilimwandikia, akanyamaza.

Sasa ikiwa sawa, naisifia. Mchoro wake ni wa Sonnar, lenzi ya Zeiss ya Ujerumani, aliyoibuni Ludwig Bertele kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa f/2 ni laini, nyuma ya mtu panayeyuka taratibu, na ngozi inatoka vizuri sana kwenye nyeusi na nyeupe. Ukifika f/4 inakuwa kali. Ukielekea jua inapauka, kwa hiyo kofia ya kukinga jua mbele ya lenzi, ya milimita 40.5, ni lazima. Kinachoniudhi ni pete ya mwanga: haina mbofyo, ukizungusha fokasi vidole vinaisogeza bila wewe kujua. Nilishapoteza nusu ya filamu hivyo.

Wenye Leica waangalie jambo moja zaidi. Lenzi hizi zilipimwa kwa kipimo cha Contax, kamera nyingine ya Kijerumani, na kwa watu wa karibu, f/2, fokasi inaweza kukosea hata kama lenzi ni nzima. Kwenye Zorki au FED, kamera nyingine ya Kisovieti, hakuna tatizo hilo.

Mpiga mchana tu achukue Industar, abaki na chenji ya filamu. Mimi nimebaki na Jupiter.

Shimu? Fundi aliichomoa kwenye lenzi ya baba mdogo, ile iliyoliwa na kuvu, akaijaribu kwenye hii mpya. Tulipochungulia tena kwenye karatasi, mnara ulisimama wima na nyaya zake zote.