Uzoefu wangu na lm-sensors: namba nyingi, maelezo haba

Naanza na uamuzi wangu, ili asiye na muda aishie hapa: lm-sensors, programu ya Linux ya kusoma joto, volti na kasi ya feni za kompyuta, inasoma vizuri na inaeleza vibaya. Kwa fundi ni chombo cha maana. Kwa mtu wa kawaida aliyetaka tu kujua kama kompyuta yake ya mezani inaungua, ni kazi ya jioni nzima, na hiyo jioni iwe na umeme.

Nina duka dogo la picha, kadi za harusi na video za sherehe hapa Goma, upande wa Katindo. Mashini yangu ni ya mitumba, prosesa Core i5 ya kizazi cha nne, na nimeiwekea Linux Mint kwa sababu ya virusi vya flashi za wateja. Aliye kwenye kazi hii anajua kinachoweza kuingia pamoja na picha za ubatizo. Shida ilianza kwenye video ndefu: ikifika katikati ya kutoa video iliyokamilika, mashini inazima ghafla bila ujumbe wowote, utadhani mtu kachomoa waya. Ukiwa Goma, cha kwanza kulaumiwa ni umeme. Lakini taa zilikuwa zinawaka na printa, iliyo kwenye stabilizateri ileile, inaendelea kutema karatasi. Yakabaki mawili, pawa saplai au joto.

Mji wetu si wa joto kali, ila vumbi tunalo. Lile vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia hata kwenye droo iliyofungwa, sembuse kwenye feni inayovuta hewa kutwa nzima. Tena tuko kwenye mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kuliko ambavyo ingebeba kule Mombasa. Kwa hiyo nilitaka namba.

Kuiweka ni rahisi: `sudo apt install lm-sensors`, halafu `sudo sensors-detect`. Hapo ndipo maswali yanapoanza, yote kwa Kiingereza: nichunguze chipu hii? nichunguze njia ile? Kila swali lina jibu lake la kawaida, lililoandikwa kwa herufi kubwa, na ukibonyeza Enter ndilo linalochukuliwa. Ushauri wangu ni kubonyeza Enter tu mpaka mwisho, na pale ambapo herufi kubwa ni NO usijifanye shujaa. Hayo maonyo yana historia yake. Zamani uchunguzi wa namna hii uliwahi kuharibu data za chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye baadhi ya ThinkPad za IBM, na tangu hapo waandishi wa programu wakawa waangalifu. Mwishoni inakuuliza kama iandike majina ya moduli, yaani vipande vya programu vinavyosoma hizo chipu, kwenye `/etc/modules`. Hapa jibu la kawaida ni hapana, wakati karibu kila mtu anahitaji ndiyo; usipokubali, baada ya kuwasha mashini upya nusu ya namba zimetoweka. Ni mahali pekee ambapo Enter haikufai, na hakuna anayekuambia.

Kisha unaandika `sensors`. Sehemu ya juu, ya coretemp, inasomeka: joto la prosesa nzima, joto la kila kiini, kikomo cha juu nyuzi 80, cha hatari nyuzi 100. Safi. Chini yake inakuja chipu ya bodi, kwangu ni NCT6779 ya Nuvoton, na hapo ni soko la Birere siku ya Jumamosi. Mistari ya volti kuanzia in0 hadi in14, na karibu yote haina jina. Mmoja unasema volti 1.02, kiwango cha chini 0, cha juu 0, na pembeni neno ALARM. Kihisi cha joto kiitwacho AUXTIN1 kinadai nyuzi 127. AUXTIN3 inadai nyuzi 62 chini ya sifuri. Karibu na mwisho kuna mstari: intrusion0, ALARM. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Kifaransa anakijua, akausoma huo mstari mara moja.

— Mkubwa, wanaandika intrusion. Nani aliingia?

Hakuna aliyeingia. Chipu ina pini ya kuangalia kama kasha limefunguliwa, na kasha langu halina swichi ya kuunganisha kwenye pini hiyo, basi inapiga kelele daima. Nyuzi 127 nazo si joto. Ndiyo namba ya juu kabisa inayoweza kuandikwa kwenye baiti moja yenye pande mbili, chanya na hasi, na hutokea pale ambapo pini ya kihisi haikuunganishwa na chochote. Hali kadhalika ile baridi ya kutisha ya AUXTIN3. Na ALARM ya volti imetokana na vikomo ambavyo hakuna aliyeviweka: kikomo cha juu kikiwa 0, volti yoyote itaonekana imezidi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba programu ni mbovu. Chipu hiyohiyo moja hufungwa kwenye bodi za watengenezaji wengi, na kila mtengenezaji huunganisha pini zake anavyotaka. Mmoja anapeleka kihisi karibu na prosesa, mwingine anaiacha pini ikining'inia. Volti 12 haziwezi kuingia moja kwa moja kwenye chipu ambayo inapima hadi volti 2 na kidogo tu, kwa hiyo zinapitishwa kwenye vipinga viwili na kugawanywa, na ugawaji huo unautegemea mpango wa bodi. Watengenezaji wengi hawachapishi mpango huo. Dereva wa kerneli, yaani programu ya ndani ya Linux inayozungumza na chipu, anaiona 1.02 na hana namna ya kujua kwamba nyuma yake kuna 12. Hata programu za madirisha kama Psensor au kile kijisehemu cha Xfce hazikuokoi: zote zinachota kwenye maktaba ileile, na zitakuonyesha 127 ileile kwa rangi nyekundu iliyopambwa vizuri.

Ninachowalaumu waandishi wa programu ni kitu kimoja. Kihisi kinachosema 127 muda wote, na kikomo ambacho ni sifuri juu na sifuri chini, vingefichwa au vingeandikwa “hakijaunganishwa”. Kumpigia mtu wa kawaida ALARM tano kwenye mashini isiyo na hitilafu ni kumfundisha azipuuze zote, hata siku moja itakapokuwa ya kweli.

Nilichofanya ni kuacha chipu ya bodi na kushika coretemp peke yake. Kihisi hicho kimo ndani ya prosesa yenyewe, hakitegemei waya wa mtu. Nikafungua `watch sensors` pembeni, nikaanzisha video. Joto likapanda taratibu hadi 80, likapita 90, likaanza kucheza kwenye 98 na 99 huku kazi ikipungua kasi, maana prosesa ya namna hii ikikaribia kikomo chake hujipunguza kwanza, na ikishindwa hujizima ili isiungue. Pawa saplai haikuwa na kesi tena.

Tulipofungua kasha, kati ya mapezi ya alumini chini ya feni palikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana mpaka ukilivuta linatoka kipande kizima, jeusi, laini kwa juu na lenye chembe za mawe kwa ndani. Mwanga wa simu haukupenya upande wa pili. Ile pasta ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma ilikuwa imekauka, inakwanguka kwa kucha. Tukapeleka chuma na feni kwa fundi wa matairi mwenye kompresa. Ukienda huko, izuie feni kwa kalamu isizunguke wakati wa kupuliza, na mwambie atoe kwanza maji yaliyomo kwenye tangi. Pasta mpya, dola chache. Sasa video ileile inaishia kwenye nyuzi 70 na kitu.

Kwa hiyo chombo kilinisaidia, sikatai. Baada ya hapo nikakaa kukisafisha kile kioja cha chipu ya bodi, maana kijana alikuwa bado anakitazama kwa wasiwasi. Unaandika faili lako ndani ya `/etc/sensors.d/`, na langu linaanza hivi:

```
chip "nct6779-*"
    ignore temp4
    ignore temp6
    ignore intrusion0
    label fan2 "Feni ya prosesa"
```

Kiswahili kinakubalika bila shida. Majina kama temp4 unayapata kwa `sensors -u`. Kujua feni ipi ni ipi, niliingia kwenye ukurasa wa BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, kabla Linux haijaanza) wakati wa kuwasha, nikaona mizunguko ya feni ya prosesa, nikatafuta namba inayokaribiana nayo. Volti 12 niliipata kwa njia hiyohiyo: BIOS inasema 12 na kidogo, chipu inasema 1.02, basi unaandika mstari wa `compute` wa kuzidisha kwa 12. Diski nayo ina joto lake, lakini ni lazima uite moduli ya drivetemp, iliyoingia kwenye Linux 5.6 mwaka 2020, haijiiti yenyewe.

Fancontrol, ile ya kuendesha kasi ya feni, nimeiacha. Inazitambua chipu kwa hwmon0, hwmon1 na kuendelea, na kerneli ikisasishwa mpangilio huo unaweza kubadilika. Ikibadilika, fancontrol inagoma na kukutaka uanze upya. Afadhali igome kuliko izime feni isiyo yake, lakini mimi mpangilio wa feni nimeuachia BIOS.

Wenye Windows wasitucheke. Msimamizi wa kazi wa Windows hauonyeshi joto la prosesa, lazima utafute programu ya nje. HWiNFO inajitahidi zaidi kutaja vitu kwa majina. Nyingine nyingi za bure zilikuwa zikitegemea dereva mmoja mwenye mwanya wa usalama, WinRing0, na mwezi wa 3 mwaka 2025 Microsoft Defender ikaanza kumkamata kama hatari. Watu wakaamka programu zao za feni zimefungiwa. Na jirani yangu mwenye Ryzen 7 1700X alikuwa analala na hofu ya Tctl, namba ya joto ambayo prosesa inajitangazia, kumbe AMD yenyewe iliiongezea nyuzi 20 juu ya joto halisi kwenye modeli hiyo.

Nyota naipa tatu kati ya tano. Mwenye bodi yenye NCT6779 anaweza kuanza na faili langu hapo juu, ila asinakili mstari wa feni wala kile kizidisho cha 12 kabla ya kulinganisha na BIOS yake, hata kama chipu ni ileile.