Siku Moja Unguja na Watoto: Ziara Ipi ya Wanyama Ununue Ukishuka Melini

Meli za kitalii zinapoanza kufunga gati Malindi, Mji Mkongwe, simu yangu nayo huanza kuita. Ni ndugu wa nje: binamu wa Muscat, wifi wa Toronto. Wamekata tiketi ya meli itakayopitia Unguja siku moja, watoto wanataka kuona wanyama, na karatasi waliyopewa melini ina ziara chungu nzima zenye picha za kupendeza. "Dada, tuchukue ipi?" Naandika jibu hapa mara moja ili nisilirudie kila msimu.

Kwanza hesabu saa, mnyama baadaye. Meli ikiingia saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, usidhani una saa tisa za kutembea. Kushuka ngazi, kupanga foleni na kumtafuta dereva kunakula karibu saa nzima. Jioni abiria wote hutakiwa wawe ndani mapema, tuseme saa moja kabla meli haijang'oa nanga, na mwenye watoto ajiwekee saa nyingine ya akiba kwa ajili ya msongamano wa kuingia mjini. Zimebaki sita. Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Karatasi imeandikwa 16:00, na binamu yangu, ambaye Kiswahili chake kimekaa sana ughaibuni, alimwambia dereva, "Tuhakikishe tumerudi saa nne." Dereva akatazama saa yake, ikasoma saa tatu na nusu asubuhi, akauliza kwa upole kama wageni wameshachoka. Mwandikie dereva wako saa hiyo kwenye karatasi, kwa mitindo yote miwili. Na uliza melini kama saa zao zinalingana na za hapa, maana si lazima.

Ziara inayouzwa melini ni ghali kuliko ya nje ya geti, lakini ina faida moja kubwa: basi lao likichelewa, meli hulisubiri. Ukichukua gari lako mwenyewe ukachelewa, utaifuata meli bandari inayofuata kwa nauli yako. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi. Pa karibu, nunua nje; pa mbali, nunua melini au uache. Ukinunua nje, papasi, madalali wa mitaani wanaofuata watalii, watakuzonga kabla hujavuka barabara. Mwombe anayejiita kiongozi akuonyeshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii, patana bei ya gari zima na si ya kichwa, uliza kama kiingilio kimo ndani, na bakisha sehemu ya fedha mpaka mrudi. Mwenye kitambulisho cha taifa asikiache kwenye sefu ya chumbani, kwani sehemu nyingi bei ya mwananchi si ya mgeni.

Ninayoiweka juu ya zote ni Jozani. Msitu uko kusini mashariki mwa mji, kiasi cha kilomita 35, na tangu 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka. Aliyeko pale ni kima punju, mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kama mzee aliyeamshwa ghafla, na porini hapatikani popote duniani ila hapa Zanzibar. Hesabu iliyotolewa 2017 ilipata zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya waliodhaniwa. Kwa mwenye watoto, uzuri wake ni kwamba makundi yaliyozoea watu hukaa karibu na mashamba ya pembeni, jirani na barabara, wala hamna haja ya kuwasaka msituni. Mnasimama chini, wao wanakula majani juu ya vichwa vyenu, na wakichoka nanyi wanaruka mti wa pili. Hakuna anayewapa ndizi, na asiwepo. Mwambie mtoto atazame mikono yao: dole gumba ni kama hawana. Mwambie pia kwamba kima hawa hula mkaa, wakiuokota hata kwenye matanuri ya wachoma mkaa, kupunguza sumu ya majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda. Wangu walizungumza habari hiyo wiki nzima, na mmoja akaomba kuonja.

Nendeni asubuhi, kwa sababu jua likiwa kichwani kima hulala. Kaeni mbali nao hatua kadhaa, na mtoto mwenye mafua abaki nyuma, kwani maradhi yetu huwapata na wao. Mkibakiwa na muda, njia ya mbao ndani ya mikoko haichoshi miguu midogo, na kijiji cha Pete hapo jirani kuna kituo cha vipepeo ambako wanavijiji hulipwa kwa kuwafuga. Vipepeo humtulia mtoto begani wakipenda wenyewe.

Ya pili ni kisiwa cha Changuu, na kama watoto wako hawajafika skuli, au meli inakaa nusu siku tu, ipandishe iwe ya kwanza. Boti kutoka ufukwe wa mjini huchukua kama nusu saa. Majengo ya 1893 mtakayoyaona yalijengwa yawe gereza lakini hayakufunga mtu, yakageuzwa karantini. Kobe wakubwa wa Aldabra walifika 1919, wanne, zawadi ya gavana wa Ushelisheli. Wakazaana sana, kisha wakaibwa sana, hata kufikia 1996 walibaki saba. Waliopo leo wanalindwa ndani ya uzio, na wengine wameandikwa umri mgongoni kwa rangi. Mtoto anampa kobe majani, anamsugua shingo, na kobe aliyeridhika huinuka akainyoosha shingo yote juu. Asipandwe mgongoni, hata kama mtu wa boti anasema hakuna neno. Baada ya hapo osha mikono ya watoto kwa sabuni, si kwa maji ya bahari, maana kobe hubeba vijidudu vya kuharisha, na wadogo chini ya miaka mitano ndio hudhurika zaidi.

Boti ndiyo udhaifu wa ziara hii. Usipande kabla hujaona jaketi la kujiokolea linalomkaa mtoto wako, maana ya watu wazima huwatoka kwa juu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, kwa hiyo beba mfuko wa kutapikia, na viatu vya kulowana, kwani maji yakitoka huenda mkateremka kwenye maji ya magotini.

Kasa wa Mnarani, Nungwi, nawaweka wa tatu kwa sababu ya barabara tu. Ni bwawa la asili kwenye mawe, maji huingia na kutoka na bahari, na tangu 1993 wanakijiji hutunza humo kasa na ng'amba waliookolewa kwenye nyavu. Lakini kwenda na kurudi ni saa tatu au zaidi. Mkifika, walisheni mwani kutoka ukingoni. Kuogelea nao siungi mkono: bwawa ni dogo, na mafuta ya jua mliyojipaka yote yanabaki mle.

Pomboo wa Kizimkazi ndio huuzwa zaidi, nami ndio nawaweka mwisho. Safari yao ni ya alfajiri. Nyinyi mtafika saa nne ya asubuhi, upepo umeamka na boti zimeshawazunguka tangu jua kuchomoza. Tafiti zilizofanyika palepale zimeonyesha kwamba boti zikiwafuata, pomboo hupunguza kula na kupumzika. Mtoto hutupwa majini aone mkia unaokimbia. Ukilazimika, tafuta nahodha atakayezima mashine mbali na kuwaacha wasogee wenyewe, na mlipe zaidi kwa hilo.

Wa kupiga picha na chatu shingoni au tumbili mwenye kamba, mpite. Na kiti cha pweza asitolewe majini kwa ajili ya picha, hewa huweza kumuua.

Meli ikifunga Kilindini, Mombasa, badala ya Unguja, nunua Haller Park, Bamburi. Lilikuwa shimo la kiwanda cha saruji, likaanza kupandwa mivinje 1971, na leo watoto hulisha twiga hapo. Ndipo alipopelekwa Owen, kiboko mtoto aliyeokolewa Malindi ya Kenya baada ya tsunami ya 2004, akamfanya kobe Mzee kuwa mama yake. Tsavo kwa siku moja ni kulala ndani ya gari. Shimba Hills kuna palahala, na ni karibu kwenye ramani, lakini njia ya kawaida inapita Likoni, na feri haina habari na saa ya meli yako.